Je, Wajua? Kompyuta ya Linux na Njia Zake za Kufika Mtandaoni

Machakos ni mji unaojua hasara ya kupitwa na njia. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua kituo chake hapa, katika nchi ya Masaku, mzee wa Kikamba ambaye jina lake lilibaki kwa mji. Kwa miaka kadhaa hapa ndipo utawala wa bara ulipokaa. Reli ilipofika mwaka 1899 ilikata tambarare za Athi bila kupanda kuja mjini, na mwaka huo huo makao ya mkoa yakahamia Nairobi.

Siku hizi njia yenye uzito ni ya data. Mkaazi wa Mutituni, Kathiani au Kangundo anaweza kuifikia kwa simu, modemu, waifai au faibaa. Akiwa anatumia Linux, hubaki na swali moja: ni programu gani aiachie kazi ya kuishika njia hiyo? Haya hapa ni mambo ya kujua kabla ya kuchagua.

1. Huenda tayari unatumia Linux

Linus Torvalds alitangaza kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Kiini hicho ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android inayouzwa madukani Machakos. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya zile zenye kasi kubwa kuliko zote duniani zinatumia Linux.

Kiini ni kimoja, lakini programu zinazokizunguka si zile zile. Android ina zake za kushughulikia mtandao, Chromebook ina yake iitwayo Shill, na kompyuta ya Ubuntu, Debian au Fedora inakuachia uchague mwenyewe. Uhuru huo ni baraka kwa anayejua anachokitafuta.

2. Anayekuunganisha si mmoja

Unapobofya jina la waifai na kuandika nywila, kazi hugawanywa kwa watatu. Dreva iliyo ndani ya kiini huamsha redio ya kompyuta. Kisha wpa_supplicant, programu iliyoanzishwa na Jouni Malinen wa Finland, hupatana na ruta kuhusu nywila na usimbaji. Mwishowe msimamizi wa miunganisho huomba anwani, huweka njia ya kutokea, na kukumbuka yote hayo kwa ajili ya kesho.

Ukiujua mgawanyo huu hutamlaumu msimamizi kwa kosa la dreva. Andika `ip link` na utazame majina yanayotokea. Katika kompyuta nyingi za leo, yanayoanza na en ni ya waya, wl ni waifai, na ww ni modemu. Ukikosa kabisa jina la wl, kompyuta haijaiona redio yake, na kubadilisha msimamizi hakutasaidia chochote.

3. NetworkManager ilizaliwa kwa ajili ya watu wanaotembea

Kampuni ya Red Hat iliianzisha programu hii ya kusimamia miunganisho mwaka 2004, enzi ambayo mwenye laptopu alihariri mafaili kila alipohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Leo ndiyo inayokuja ndani ya Ubuntu, Fedora na Linux Mint. Ina sura tatu: alama ndogo pembeni ya skrini, menyu ya maandishi iitwayo nmtui, na amri ya nmcli. Zote tatu husoma kumbukumbu zile zile, kwa hiyo ulichokihifadhi kupitia moja utakikuta kwenye nyingine.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos anayetoka maktaba, akaingia bwenini, kisha akapanda matatu ya Nairobi akitumia intaneti ya simu, hahitaji kitu kingine. Msimamizi huyu atamtambulia kila mtandao na kuurudia bila kuulizwa.

4. Njia zina foleni, na foleni ina namba

Ukiwa na waya, waifai na modemu kwa pamoja, NetworkManager huipa kila njia alama. Waya hupewa 100, waifai 600, modemu 700. Alama ndogo ndiyo hutangulia, na nyingine hungoja hadi ile ya mbele ikatike. Ukitaka kubadilisha mpangilio, tumia `nmcli connection modify "Jina" ipv4.route-metric 50`, ukiweka jina la muunganisho wako mahali pa Jina.

Kuna mtego hapa. Simu inayogawa intaneti kwa kebo ya USB huhesabiwa kama waya, kwa hiyo nayo hupewa 100. Ukiiacha imewashwa hivyo huku ukiichaji kwenye laptopu ofisini, kompyuta itaiacha waifai ya ofisi na kula bando lako. Wengi wamepoteza salio kwa njia hii wakidhani wameibiwa.

5. Simu yako hunong'ona kwamba data inauzwa

Simu ya Android inapogawa intaneti, ndani ya ujumbe wa kuipa kompyuta anwani hupachika neno ANDROID_METERED. NetworkManager hulisoma na kutambua kwamba huu ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Programu zinazojali taarifa hiyo, kama GNOME Software, huacha kupakua masasisho zenyewe.

Ruta ndogo ya mfukoni huenda isitoe ishara hiyo, nawe ukamaliza bando la wiki kwa saa moja. Iambie kompyuta mwenyewe: `nmcli connection modify "Jina" connection.metered yes`. Mtumiaji wa Ubuntu aongeze `sudo snap set system refresh.metered=hold`, ili zile programu za snap zisijisasishe kwa pesa zake. Kwa nchi ambayo watu wengi hununua intaneti kidogo kidogo, hizi ni amri za kubandika ukutani.

6. Kebo ya chaja huokoa laptopu isiyo na waifai

Laptopu nyingi zinazouzwa Kenya zilitumika kwanza ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Baadhi zina redio za Broadcom ambazo Linux haiziamshi hadi upakue dreva yake. Unahitaji intaneti upate dreva, na unahitaji dreva upate intaneti.

Chomeka simu kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Kiini cha Linux kina dreva ya kazi hiyo tayari, na kwa kawaida muunganisho huonekana papo hapo, ukiitwa usb0 au jina linaloanza na enx. Pakua dreva, washa upya kompyuta, chomoa kebo. Debian nayo ilipunguza taabu hii kuanzia toleo la 12 la Juni 2023, ilipoanza kuweka programu dhibiti zisizo huria ndani ya kisakinishi chake rasmi.

7. Modemu ilijifanya sidii

Modemu za USB za Huawei zilipoenea Kenya mwishoni mwa muongo wa 2000, watumiaji wa Linux walikutana na kioja. Walichomeka modemu, kompyuta ikaona sidii. Watengenezaji walikuwa wameficha humo programu ya Windows, na kifaa hakikugeuka kuwa modemu hadi kiamriwe. Mjerumani Josua Dietze aliandika usb_modeswitch, programu inayotuma amri hiyo kwa niaba ya mtumiaji, nayo ikawa tegemeo la wenye modemu duniani kote.

Modemu hizo zilizungumza lugha ya kale. Amri zake zinazoanza na herufi AT zilitoka kwenye Smartmodem ya kampuni ya Hayes ya mwaka 1981, iliyopiga simu halisi kwa waya wa simu. Ndiyo maana hata kwenye mtandao wa simu za mkononi kompyuta iliendelea kupiga namba, yaani *99#, ingawa hakuna mtu wa kuipokea upande wa pili.

Siku hizi ModemManager hufanya kazi hiyo chini ya NetworkManager, na orodha ya kampuni za simu za dunia nzima, Kenya ikiwemo, huja pamoja nayo. Jihadhari na mipangilio ya zamani: mtandao mmoja tu wa Kenya umeitwa Kencell, Celtel, Zain na, tangu 2010, Airtel. Mwongozo ulioandikwa enzi ya jina lililopita unaweza kukupoteza.

8. Salio huulizwa kwa kompyuta

Laini ikiwa ndani ya modemu, watu wengi huichomoa na kuirudisha kwenye simu ili waangalie salio. Hakuna haja. Andika `mmcli -L` uone namba ya modemu yako. Ikiwa ni 0 na laini ni ya Safaricom, andika `mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*144#"`. Ikiwa modemu yako inakubali huduma hiyo, jibu hurudi kama maandishi kwenye skrini. Mwenye ujuzi kidogo wa kuandika programu anaweza kuifanya kompyuta ya shule imwonye mwalimu kabla bando halijakwisha katikati ya kipindi.

9. Seva haipandi matatu

Kompyuta isiyohama haihitaji msimamizi wa kutambua mitandao mipya. Inahitaji anwani moja isiyobadilika na utulivu. Kwa kazi hiyo kuna systemd-networkd, iliyoingia mwaka 2014 ndani ya systemd, programu inayoendesha huduma za Linux. Mipangilio yake ni mafaili mafupi ya maandishi. Ubuntu huweka juu yake netplan, tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017: kwenye seva netplan huikabidhi kazi systemd-networkd, na kwenye kompyuta ya mezani huikabidhi NetworkManager.

Netplan ina amri moja ambayo kila fundi wa mbali anapaswa kuijua, `netplan try`. Hujaribu mipangilio mipya, na usipoithibitisha ndani ya sekunde 120, hurudisha ile ya zamani. Fundi aliyeko Machakos akikosea anwani ya seva iliyoko Nairobi, au katika kituo cha data cha Konza kule Malili, hatalazimika kupanda gari kwenda kuirekebisha.

Saiba nayo ina mahitaji ya pande zote mbili. Kompyuta inayotunza printa ipewe anwani isiyobadilika, hasa wiki ya mwisho ya Juni ambapo watu hujaa kuwasilisha marejesho ya kodi ya KRA kabla ya tarehe 30. Na siku waifai ya ruta inapoharibika, kompyuta moja yenye waya na redio ya waifai inaweza kugawia nyingine kwa `nmcli device wifi hotspot`. Kwa kawaida yenyewe hujipa anwani 10.42.0.1, na zile nyingine huzipa anwani zinazofuata.

10. Kompyuta ndogo zina wasimamizi wepesi

Intel ilianzisha wawili. ConnMan ililenga vifaa vidogo vyenye kumbukumbu finyu, na ndiyo inayotumika kwenye simu za Sailfish. Baadaye ikaja iwd, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2019. Hii huchukua nafasi ya wpa_supplicant kwa upande wa waifai. Inaweza kufanya kazi peke yake, au chini ya NetworkManager kwa mstari mmoja, `wifi.backend=iwd`, chini ya kichwa cha [device] katika faili la mipangilio.

Usifikiri basi kwamba kifaa kidogo lazima kipewe msimamizi mdogo. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo shule nyingi huipenda kwa bei yake, iliacha dhcpcd, msimamizi wake wa awali, na kuhamia NetworkManager mnamo Oktoba 2023, toleo la Bookworm lilipotoka.

11. Programu njema pia hufa

Miaka ya 2008 hadi 2012 ukiuliza mbadala wa NetworkManager ungejibiwa wicd. Ilikuwa nyepesi na rahisi. Lakini iliandikwa kwa Python 2, lugha ambayo matengenezo yake yalikoma mwanzoni mwa 2020, na haikuhamishwa kwa wakati. Debian 11 ya mwaka 2021 ilitoka bila wicd. Mwongozo mzuri wa mwaka 2010 bado unaweza kukushauri uisakinishe.

Amri ya ifconfig nayo ina simulizi kama hiyo. Ilitokea mwaka 1983 katika BSD 4.2, na walimu wengi wangali wanaifundisha. Tangu Debian 9 ya mwaka 2017 haisakinishwi yenyewe. Nafasi yake imeshikwa na `ip`, kutoka iproute2 iliyoanzishwa na Mrusi Alexey Kuznetsov. Kabla ya kuchagua chombo chochote, tazama tarehe ya toleo lake la mwisho.

12. Fahari wawili hawakai zizi moja

Hili ndilo kosa linalowatesa wengi. Mtu anaona waifai inakatika, anasakinisha msimamizi wa pili bila kumwondoa wa kwanza. Sasa wawili wanagombania redio moja: huyu anaunganisha, yule anakata, na mwenye kompyuta anailaumu kampuni ya intaneti.

Andika `systemctl status NetworkManager systemd-networkd connman iwd` uone nani yuko kazini. Ukikuta wasimamizi wawili juu ya kifaa kimoja, mzime mmoja kwa `sudo systemctl disable --now` ukifuatisha jina lake. Isipokuwa iwd, ambayo hukubali kutumikia chini ya NetworkManager kama tulivyoona.

13. Nywila zako zimelala wazi ndani ya diski

NetworkManager huweza kuhifadhi nywila za waifai kama maandishi ya kawaida ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuyafungua mafaili hayo, lakini mwenye mamlaka ya root anaweza, na vile vile yeyote atakayeichomoa diski ambayo haikusimbwa. Unapouza laptopu, futa diski yote.

Jambo hilo lina faida yake pia. Ukiwa umeunganishwa, `nmcli device wifi show-password` huonyesha nywila pamoja na mraba wa QR ambao mgeni anaupiga picha kwa simu na kuingia. Mwenye hoteli ndogo hana haja tena ya kuitamka nywila kwa kila mteja.

14. Ping inaweza kukueleza njia yako imepita wapi

Mike Muuss aliandika ping mwezi wa Desemba 1983, akiwa katika maabara ya jeshi la Marekani. Hutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Mwanga ndani ya faibaa husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Nairobi na kurudi Machakos, kama kilomita 130, hakuhitaji hata milisekunde 1.

Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu vilipanda na kushuka, jumla karibu kilomita 143,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni takriban milisekunde 480. Ubaya zaidi, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi ililazimika kwenda ng'ambo na kurudi. Watoa huduma walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya ililalamika, tume ya mawasiliano ikakifunga Desemba, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009.

Nyaya nazo hukatika. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na Kenya na Tanzania zikasikia makali yake. Kwa hiyo intaneti ikizima, usikimbilie kusakinisha programu mpya. Pima kwa hatua. Andika `ip route` upate anwani ya lango, kisha ipige ping. Isipojibu, tatizo liko kwako au kwenye ruta. Ikijibu, piga ping 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti. Isipojibu, tatizo huenda liko kwa mtoa huduma au mbele zaidi. Ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, kasoro ni ya DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na hiyo hurekebishwa kwenye mipangilio.

Basi uchague nini?

Tazama maisha ya kompyuta yako. Laptopu inayotembea na kuishi kwa bando iachie NetworkManager, kisha uiambie ukweli kuhusu data ya kulipia. Seva na kompyuta isiyohama ipe systemd-networkd, kwa netplan ikiwa ni Ubuntu. Kifaa chenye kumbukumbu finyu kijaribie ConnMan au iwd. Vyovyote utakavyochagua, kompyuta moja iwe na msimamizi mmoja.

Na kama unayajua haya tayari, mfundishe mwanafunzi mmoja wa jirani. Programu hizi zote ni huria na hazina malipo, na pesa za bando atakazookoa zitamtosha kusoma mengine.